Kutoka Karatu hadi Pantanal: nilivyowatafuta jagwa, tapiri na mla-sisimizi mkubwa (uzi mrefu)

MwongozaWageni (mleta uzi)

Wanajamvi, salaam.

Kwa miaka kumi na minne nimewapeleka wageni Serengeti, Ngorongoro na Tarangire, na muda wote huo nimekuwa mtu wa kuonyesha, si wa kuonyeshwa. Mwezi wa Agosti uliopita nilipata nafasi niliyoiwekea akiba tangu nilipoanza kazi. Nilikaa siku kumi na nne nchini Brazil nikiwa mgeni kama wageni wangu, nikiongozwa na mwenyeji wa huko, kuwatafuta mamalia wa Amerika Kusini. Naleta uzi huu kwa sababu wengi wetu hupima kila pori la dunia kwa kipimo cha Serengeti, na anayekwenda kule na kipimo hicho atarudi akisema hakuna wanyama, ilhali wapo, ila hakuwatafuta inavyopaswa.

Ukisimama pale Naabi mwezi wa Februari, nyumbu wamejaa mpaka upeo wa macho. Amerika Kusini haina kitu cha namna hiyo, na si kwa sababu bara lile ni maskini wa wanyama. Zamani lilikuwa na majitu ya ajabu, wakiwamo jamaa za tembo, na wanyama wa ukoo wa mla-sisimizi waliokuwa na mwili mkubwa kama wa tembo wenyewe. Karibu wote walitoweka mwishoni mwa enzi ya barafu, yapata miaka elfu kumi hivi iliyopita, wakati hali ya hewa inabadilika na binadamu amekwisha kuingia barani humo. Waliobaki wengi wao huishi peke yao, hupenda vichaka na maji, na hutembea usiku. Tapiri, ambaye ndiye mnyama wa nchi kavu mwenye mwili mkubwa kuliko wote wenye asili ya bara hilo, hufikia kilo 250 hivi, uzito ambao kwetu ni wa nyumbu dume.

Kabla ya kusafiri nilikaribia kufanya kosa. Wakala wa kwanza niliyewasiliana naye aliniletea orodha ndefu ya wanyama na ratiba ya kulala mahali papya kila usiku. Ilinivutia, maana pesa ni ngumu na mtu hutaka kuona vingi. Kisha nikazungumza na mwongozaji mwingine, mzaliwa wa mji wa Poconé, ambaye hakuniletea orodha yoyote. Aliniuliza swali moja tu, kwamba katika wanyama wote wa Amerika Kusini, ni yupi nikimkosa nitarudi nyumbani nikiwa na huzuni. Nikamjibu bila kufikiri kwamba ni mla-sisimizi mkubwa. Akasema basi safari ataipanga kuanzia kwa huyo, na wengine watafuata. Hapo nikajua nimempata mtu wangu, na nikajilaumu kwamba katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kumuuliza mgeni swali hilo.

Nitaendelea hapa chini, kwani habari yenyewe ni ndefu. Maswali yanakaribishwa.

MwongozaWageni

Pantanal ni eneo la majimaji lililo kubwa kuliko yote ya nchi za joto, zaidi ya kilomita za mraba 150,000, sehemu kubwa ikiwa Brazil na sehemu ndogo Bolivia na Paraguay. Mito hufurika wakati wa mvua, tambarare zinageuka ziwa, na kiangazi maji yanapopungua samaki hubaki kwenye madimbwi na kila mlaji anajongea huko. Ndiyo maana watu huenda kati ya Julai na Oktoba.

Kutoka mji wa Cuiabá unakwenda Poconé, na hapo ndipo lami inapokwisha na kuanza barabara ya udongo iitwayo Transpantaneira. Ina urefu wa kilomita 145 hivi na madaraja zaidi ya mia moja, ambayo mengi yalijengwa kwa mbao. Ilikusudiwa kuvuka Pantanal nzima hadi Corumbá, lakini ujenzi uliishia Porto Jofre, kwenye ukingo wa mto Cuiabá, na haujawahi kuendelea. Nashukuru haukuendelea.

Barabara hiyo si ya kukimbia. Asubuhi ya kwanza tulitumia saa nne kwa kilomita kumi na mbili, tukisimama kila daraja. Kapibara wamelala kando ya maji kama ng'ombe waliomaliza kunywa, wengine wakiwa na uzito wa mtu mzima, na huyo ni jamaa ya panya! Nilipomwambia mwongozaji wangu kwamba sura yake inanikumbusha ndezi wa kwetu, alinitazama kwa furaha na kusema sikukosea, kwani wataalamu wanaona kwamba wahenga wa kapibara walitoka Afrika zaidi ya miaka milioni thelathini iliyopita, pengine wakielea juu ya magogo na vichaka vilivyong'olewa na mito wakati bahari ya Atlantiki ilikuwa nyembamba kuliko ilivyo leo. Nyani wa kule nao wanasemekana kufika kwa njia hiyo hiyo. Nilikuwa nimevuka bahari kutazama wageni, kumbe wengine ni ndugu waliotangulia.

Lakini mnyama wa kweli wa Transpantaneira ni wa usiku. Tulitoka saa mbili usiku kwa gari la wazi, na mwongozaji akawa anapitisha tochi taratibu kwenye vichaka, akitafuta mng'ao wa macho. Mara akazima taa na injini. Nilisikia mluzi mwembamba kama wa ndege, tena mwingine ukijibu kutoka upande wa pili wa barabara. Sikudhani hata kidogo kwamba sauti ile inatoka kwa mnyama mzito namna ile. Alipowasha taa nyekundu, tapiri jike alikuwa amesimama kama hatua ishirini kutoka kwetu, pua yake ndefu ikipinda huku na huku kuvuta harufu, na nyuma yake mtoto mwenye mistari na madoa meupe mwili mzima kama tikitimaji changa. Asubuhi tulirudi kutazama nyayo: vidole vinne miguu ya mbele, vitatu ya nyuma. Ndugu wa tapiri walio karibu naye kwa ukoo ni faru na farasi, na ukiutazama unyayo ule wa nyuma utamkumbuka faru.

BintiPwani

Ndugu mleta uzi, ahsante kwa habari hii. Naomba ufafanuzi: jagwa ana tofauti gani na chui wetu? Kwenye picha naona mnyama ni yule yule. Halafu nimesikia kwamba Porto Jofre mashua hujazana juu ya jagwa mmoja kama magari yanavyojazana kwenye vivuko vya mto Mara. Je, ni kweli?

MwongozaWageni

Dada BintiPwani, tofauti ipo na ukishaiona hutaisahau. Ua la doa la jagwa lina vidoa vidogo katikati, la chui halina. Jagwa ana kichwa kipana na kizito, miguu mifupi iliyojaa, na mkia mfupi. Kwa ukubwa anawafuata chui-milia na simba tu katika jamii nzima ya paka, na madume wa Pantanal huvuka kilo mia moja. Zaidi ya hayo, jagwa hupenda maji. Chui wetu hupandisha mzoga mtini kwa kuwaogopa simba na fisi, lakini jagwa hana wa kumnyang'anya, kwa hiyo huburuta windo lake kichakani na kulala karibu nalo.

Kuhusu mashua, ni kweli. Siku ya kwanza kwenye mto nilihesabu mashua kumi na saba mbele ya jagwa mmoja aliyelala. Waongozaji huitana kwa redio, na jagwa akionekana kila mtu anakimbilia huko. Mwongozaji wangu alinipa uamuzi: tuwe tunakimbilia wito wa redio na kuwaona jagwa wanne au watano kwa siku, kila mmoja kwa dakika chache, au tuchague mmoja na kukaa naye. Nilichagua kukaa.

Siku ya tatu tulimkuta jike amelala kwenye mchanga, kwenye mkondo mmoja wa mto Três Irmãos, ndani ya hifadhi ya Encontro das Águas. Mwongozaji alimtambua kwa madoa ya paji la uso, kwa kuwa madoa ya kila jagwa ni ya kwake peke yake kama alama za vidole. Mashua nyingine zilikuja, zikapiga picha, zikaondoka. Tulibaki sisi, jua likiwa kali na nzi wa kule, wakali kama mbung'o, wakituuma kupitia nguo. Baada ya saa mbili na ushee, kapibara mmoja ng'ambo alibweka kwa nguvu, mara moja, kama mbwa aliyeshtuliwa. Jike aliinua kichwa. Hakuinuka kwa kishindo. Alishuka kwenye ukingo kama maji yanavyoshuka, akaingia katikati ya magugu maji (haya haya yanayowatesa wavuvi wa Ziwa Victoria, ambayo asili yake ni Amerika Kusini), na kwa muda mrefu tukawa tunaona masikio mawili tu na majani yakitikisika.

Kisha akaruka. Maji yalifumka, mkia wa kaimani, jamaa ya mamba, ukapiga hewani mara mbili, na nilisikia mlio mkavu wa mfupa kutoka mbali ya mita kama thelathini. Simba huua kwa kubana koo, lakini jagwa huuma nyuma ya fuvu, na meno yake hupenya mfupa. Kaimani yule alikuwa na urefu wa karibu mita mbili. Jike alimshika shingoni, akaogelea naye hadi ukingoni, akamvuta juu ya mwinuko wa udongo laini kwa kurudi kinyumenyume, akipumzika kila hatua tatu, tumbo lake likipanda na kushuka, mpaka wote wawili wakamezwa na kichaka. Nimeona simba wakiua mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, lakini mikono yangu haijawahi kutetemeka namna ile.

MstaafuWaMikumi

Mkuu, umenikumbusha mbali. Vijana wengi hawajui kwamba George Schaller, yule aliyewasoma simba wa Serengeti katika miaka ya 1960, ndiye pia aliyekwenda Pantanal mwishoni mwa miaka ya 1970 kuwachunguza jagwa pamoja na Peter Crawshaw wa Brazil. Enzi hizo jagwa walikuwa adimu na waoga mno, kwa sababu ngozi zao na za fisi-maji wakubwa zilikuwa zikiuzwa nje kwa wingi. Je, hao fisi-maji umewaona?

MwongozaWageni

Shikamoo mzee wangu. Tumewaona, tena familia nzima ya saba. Fisi-maji mkubwa wa kule hufikia mita 1.7 au zaidi kutoka pua hadi mkia, na kila mmoja ana mabaka meupe kooni yasiyofanana na ya mwenzake. Walikuwa wakila samaki juu ya gogo, wakitafuna kuanzia kichwani huku wamemshika kwa mikono miwili kama mtoto anayekula muhogo, na jagwa alipopita ukingoni wote saba walinyanyua shingo juu ya maji na kumpigia kelele mpaka akaondoka. Umesema kweli kuhusu ngozi. Brazil ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1967, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini ukaanza kutumika mwaka 1975, na ndipo wanyama hawa walipoanza kurudi polepole kwenye mito waliyokuwa wametoweka.

DaktariWaMifugo

Nauliza kama mtu wa Kajiado niliyezaliwa kwenye boma. Simulizi ni nzuri, lakini ardhi hiyo ni ya nani, na wenye ng'ombe wanasemaje?

MwongozaWageni

Daktari, hilo ndilo swali ambalo wageni wengi hawaulizi. Zaidi ya asilimia 90 ya Pantanal ya Brazil ni ardhi ya watu binafsi, nayo imekuwa nchi ya ng'ombe kwa zaidi ya miaka mia mbili. Wachungaji wake hupanda farasi na kuswaga ng'ombe kwenye maji yanayofika kifuani. Jagwa huua ndama, na licha ya sheria wapo wanaolipiza kisasi kimya kimya. Tulilala siku tatu kwenye shamba moja ambalo mwenyewe alituambia waziwazi kwamba baba yake alikuwa mwindaji wa jagwa mashuhuri, na yeye mwenyewe alimpiga risasi wa mwisho akiwa kijana. Leo vyumba sita vya wageni vinamwingizia kiasi kinachofidia ndama anaowapoteza, na nyati-maji anaowafuga pamoja na ng'ombe humsaidia, kwa kuwa hujikusanya kuwalinda watoto wao usiku.

Hata hivyo nisikufiche. Faida hiyo inawafikia mashamba yaliyo kando ya barabara na mito ya utalii, na shamba lililo ndani ndani halioni hata senti. Nadhani hali hii unaifahamu vizuri kuliko mimi.

Jambo lililowaunganisha wote ni moto. Mwaka 2020 zaidi ya robo ya Pantanal iliungua, na sehemu kubwa ya hifadhi ya Encontro das Águas ikageuka majivu. Mwongozaji wangu alikuwa miongoni mwa waliobeba ndoo. Alinionyesha mti mkubwa wenye kovu jeusi hadi usawa wa kichwa, akaupapasa kwa kiganja bila kusema neno, kisha tukaendelea na safari.

BintiPwani

Nina swali la mwisho. Nimesoma kwamba yapo mahali ambapo wanyama huwekewa chakula ili wageni wawaone. Unalionaje jambo hilo?

MwongozaWageni

Silipendi, ingawa nalazimika kuwa mkweli kwamba sehemu moja ilinigusa. Kwenye nyumba moja ya wageni huko Pantanal huning'iniza vipande vya nyama kwenye tawi ili oseloti, paka mdogo mwenye madoa, aje chini ya taa saa moja usiku. Alikuja kwa wakati kama mfanyakazi anayeingia zamu, akala, akaondoka. Nilipata picha nzuri sana, na sikuhisi chochote. Kwa jagwa jambo hilo ni hatari zaidi, kwa sababu mnyama anayejifunza kwamba binadamu akija chakula nacho kimekuja hapaswi kulaumiwa siku atakapokosea.

Sehemu iliyonigusa ni Caraça, jimbo la Minas Gerais, mbali na Pantanal, ambako nilipita siku mbili kabla ya kurudi. Ni kanisa la zamani na iliyokuwa shule ya mapadri, juu milimani. Tangu mwaka 1982 mapadri huweka sinia la nyama mbele ya kanisa kila jioni kwa ajili ya guará, mbwa-mwitu mwenye rangi ya kutu na miguu mirefu myeusi kama soksi. Watu hukaa kwenye ngazi, hawasemi. Alipokuja alipanda ngazi akitupa miguu ya upande mmoja kwa pamoja, kama twiga anavyotembea. Kwa kawaida nusu ya chakula chake ni mimea, hasa tunda moja la jamii ya ndulele ambalo Wabrazil wameliita kwa jina lake. Bado nasema sinia lile lisingewekwa kama lingeanza leo, lakini sikuweza kuinuka mpaka alipoondoka.

MstaafuWaMikumi

Umetuzungusha kote, kijana, na hujatuambia habari ya yule uliyemtaja kwanza. Mla-sisimizi ulimpata?

MwongozaWageni

Mzee, nilimweka mwisho kwa sababu naye aliniweka mwisho.

Siku kumi za kwanza tulikuta dalili zake tu: vichuguu vilivyochimbuliwa upande mmoja, na alama za mikwaruzo ya kucha. Hukunja kucha zake za mbele ndani na kutembea juu ya ngumi ili zisichakae, kwa hiyo hata unyayo wake ni wa ajabu. Joto lilikuwa karibu nyuzi 40, na katika joto hilo hulala mchana na kutoka usiku wa manane. Mwongozaji hakuwa na wasiwasi. Kila jioni alitazama anga la kusini, akisema anasubiri upepo.

Upepo ulikuja usiku wa kumi na moja. Wenyewe huuita friagem, ubaridi unaopanda kutoka kusini mwa bara na kushusha joto kwa nyuzi nyingi kwa muda mfupi. Alinigongea mlango saa kumi alfajiri akiwa na koti zito, akasema leo atatembea mchana, kwa kuwa mwili wa mla-sisimizi una joto dogo kuliko wa mamalia wengi na kwenye baridi hulazimika kubadilisha saa zake.

Tulimwona saa mbili na nusu asubuhi, kwenye nyasi kavu za malisho, ng'ombe wakiwa wanakula karibu naye bila kujali. Upepo ulikuwa unatupiga usoni, na kwa vile macho yake ni dhaifu na hutegemea pua, tuliweza kukaa chini kimya na kumwacha aje. Alikuja hadi mita kama kumi na tano. Alipasua kichuguu kwa mapigo mawili, akaingiza mdomo wake usio na jino hata moja, na ulimi wake, ambao hufikia sentimita 60, ukawa unatoka na kurudi kwa kasi hata sikuweza kuuona vizuri, nilichoona ni utelezi unaong'aa. Hakukaa pale dakika moja. Mchwa askari wanapoanza kuuma yeye huhama, na kwa kuhama hivyo hakimalizi kichuguu hata kimoja. Alipogeuka ndipo nilipoona kwamba mstari mweusi wa begani mwake ulikuwa umekatika kidogo na kuendelea mahali pengine. Alikuwa amebeba mtoto mgongoni, na mstari wa mtoto ulilingana na wa mama hata wakaonekana mnyama mmoja.

Wabrazil humwita tamanduá-bandeira kwa ajili ya mkia wake, manyoya marefu yanayopepea kila anapopiga hatua. Nilipolisikia jina hilo nilimwambia mwongozaji kwamba kwetu tunasema bendera, neno tulilolipata kwa Wareno hao hao, na akalirudia mara kadhaa kwa lafudhi yetu huku tukimtazama mama yule akiishilia kwenye nyasi, mkia ukiwa wa mwisho kupotea.

Kwa wanaouliza kwa ujumbe wa faragha kuhusu maandalizi: nendeni Agosti au Septemba, msikae chini ya siku kumi na mbili, lipieni mwongozaji wenu peke yenu hata kama itabidi mpunguze anasa ya chumba, na bebeni koti. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe mapema na kadi yake itunzwe, kwani mtaombwa kuionyesha mtakaporudi Tanzania mkitokea Brazil. Picha za tapiri na mtoto wake nitaziweka kesho, za mla-sisimizi ni tatu tu, kwa kuwa baada ya hizo niliiweka kamera chini.